Saa Tisa na Robo

Barua ya kampuni ilinikuta Stornoway,
jikoni kwa Ishbel Macaulay, miguu ndani ya beseni,
vidole vimevimba hadi havitambuani.
Imepigwa chapa, wino umekolea:
meli Glen Torran ilizama saa tatu na robo, usiku wa manane,
na mishahara ya mabaharia ikakoma
saa tatu na robo, usiku huohuo.

Nikairudia. Kwetu Faza saa hatuzihesabu hivyo.
Saa tatu usiku watoto hawajalala,
sufuria bado haijaoshwa.
Kombora lilipotupiga ilikuwa saa tisa na robo.
Basi, mabwana wa Glasgow, tupige hesabu:
kutoka tatu hadi tisa
ni saa sita nilizochochea moto wenu bure.

Nilikuwa tanuri la pili. Faraj Hersi wa Berbera
akaniambia, Nishikie beleshi, nifunge kamba ya kiatu.
Akainama.
Ukuta ukaingia, na bahari nyuma yake.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Mimi sikuyavulia. Yalinivua yenyewe,
yakanivisha mafuta mazito, yakanitupa juu
na mabeleshi mawili mikononi.
Langu liliteleza. La Faraj likawa kasia.

Mashuani tulikuwa kumi na tisa.
Nahodha Pritchard aligawa biskuti kwa kisu,
kila mtu kipande cha ukubwa wa kucha.
Alfie, mtoto wa jikoni, alihesabu mawimbi kwa sauti
mpaka elfu nne na kitu, kisha akatuomba radhi:
amepoteza hesabu, ataanza upya.
Usiku wa pili hakuanza.
Nikamsomea Yasini, nusu niliyoikumbuka;
Pritchard akamsomea ya kwao, nusu aliyoikumbuka;
tukadhani zikiungana zitatimia.

Wanasema mfa maji haachi kutapatapa. Si kweli.
Siku ya nne hakuna aliyetapatapa.
Chombo cha heringi kilipotokea
tulikaa kimya kama wateja kwa kinyozi.
Kamba ikanipiga usoni; vidole vikakataa kufumba.
Ndipo Norman Macaulay akashuka mwenyewe,
mikono yake miwili kwenye kamba, meno kwenye ukosi wangu,
kama paka abebavyo mwanawe,
na alipoyaachia meno akanitukana kwa Kigaeli.
Tusi nalijua nikilisikia. Sijapata kusikia tamu kama lile.

Dada yake alinikata viatu kwa mkasi wa kunyolea kondoo.
Moto wake ni wa udongo, wanaukata kama matofali;
mimi, miaka kumi na moja mbele ya tanuri,
nilicheka mpaka nikalia: udongo unawaka!
Kiingereza tulikiazima sote wawili
na hakuna aliyekirudisha kizima.
Akanivika sweta la Iain, mwanawe,
aliyeko kwenye meli ya kutegua mabomu,
hana barua tangu Januari.
Mikono ya sweta ilinipita kwa kiganja kizima.
Sikuikunja mbele yake.

Nikamweleza habari ya saa sita, kwa vidole na vijiko.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka,
akachukua kalamu, akawaandikia.
Hawakujibu.

Mwezi wa Mei, Greenock, nikatia sahihi meli nyingine.
Karani hakuinua kichwa: Unaingia kazini saa ngapi?
Wito ulikuwa wa asubuhi, jua likishachomoza.
Moja, nikasema.
Akaandika moja.

Mshahara ukaanza kutembea mimi bado nimelala,
saa sita kamili, shilingi chache na mapeni.
Za Faraj sijui nani alizidai.
Beleshi lake ninalo.